Jeneza Lisilopimwa

Ukiniuliza safari ile ilitugharimu nini, nitakujibu: laki mbili na themanini elfu, jino langu moja la mbele, na usingizi wa dada yangu. Pesa nimezihesabu mara mbili na jumla ikatoka ileile. Jino nililiacha kwenye shamba la miwa la mtu nisiyemjua. Usingizi ndio sijui utapatikana wapi, na ndio ulionifanya nikae chini kuandika.

Mimi ni mtu wa soko la Muthurwa, Nairobi. Nauza viazi na vitunguu kwa jumla, kwa hivyo maisha yangu ni mizani. Mtu simwamini mpaka niiamini mizani yake, na mizani yake siiamini mpaka niiwekee kitu ninachokijua uzito. Natembea na paketi ya unga ya kilo mbili kwa kazi hiyo. Wenzangu wananicheka, wanasema siku ya kiyama nitamwomba malaika nipime kwanza ile mizani yake. Huenda nikaomba.

Mume wa dada yangu mdogo alikuwa mtu wa mizani pia, ila yake ilikuwa ya maana zaidi. Alikuwa mpakiaji kwenye uwanja wa ndege ndogo, na hakuna kilichopanda bila kupita kwake: maboksi ya dawa, nyanya za hoteli za mbugani, mikoba ya watalii, na watalii wenyewe, aliowasimamisha mmoja mmoja juu ya mizani na kuandika kilo zao bila kutabasamu. Alisema ndege ndogo ni kama punda, ana adabu mpaka siku umzidishie. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakupanda hata moja. Alitoka mtaani kwao Mukuru kwa Njenga asubuhi kwa miguu, akapima watu wakaenda zao, jioni akarudi kwa mke na watoto wake wawili.

Alikufa kwa nimonia, na masika yalikuwa yamechachamaa. Kwao ni magharibi. Daraja la kuelekea huko lilikuwa limebebwa na maji, na ile barabara ya kuzunguka ilikuwa imemeza malori mazima. Siku ya mazishi ilikwisha kutangazwa, ng'ombe amekwisha kununuliwa. Ndipo kampuni aliyoifanyia kazi ikasema: lipeni mafuta na ada za uwanja, ndege na rubani ni sisi. Nilikwenda mimi kupatana. Nilipatana mpaka mhasibu akaniuliza kama nimekuja kusafirisha maiti au kununua ndege.

Asubuhi ya safari tuliwakuta wenzake wamejipanga kando ya mizani, ovaroli zimepigwa pasi. Walikuwa wameisugua ile mizani mpaka inang'aa. Msimamizi wao alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini kwamba wangependa kumpima mwenzao kama yeye alivyopima wengine, halafu wampakie.

Shangazi wa marehemu akasimama mbele ya jeneza. Ni mama mnene, mrefu, dada ya baba yake, na katika ukoo ule neno la dada ya baba halirukwi hivi hivi.

"Mtoto wetu si gunia," alisema. "Kinachopimwa ni kinachouzwa. Nani anamnunua hapa?"

Kwao ndivyo walivyo: aliyekufa hapimwi urefu mbele ya watu, hahesabiwi miaka kwa sauti, na kumpandisha kwenye mizani ni kumwuliza alikuwa na thamani gani. Msimamizi akanitazama mimi. Nilitaka ile mizani kuliko mtu yeyote pale, lakini nilikuwa nimekuja kama kaka ya mke, na kaka ya mke kwenye matanga ya shemeji yake hana mdomo. Anakaa anapoonyeshwa, anakula anachopewa. Nikatazama viatu vyangu.

"Andika mia na thelathini," msimamizi alimwambia karani wake.

Tukalibeba wanaume sita. Lilikuwa jeneza la mvule. Shangazi ndiye aliyelichagua, ili watu wa kijijini waone kwamba Nairobi haikummaliza mtoto wao, na ndani walikuwa wametia blanketi, suti mbili, gambuti, Biblia na jembe jipya. Mimi nimeinua magunia tangu sijaota ndevu, na kiuno changu kilitaja hesabu nyingine kabisa. Kiuno kinaweza kudanganya. Lakini tulipofika mlangoni mwa ndege nilisikia wote sita tukihema kwa pamoja.

Rubani alikuwa mwanamke, kijana bado, mpole. Aliuliza mara mbili: mia na thelathini? Msimamizi akasema, takriban. Rubani akatazama mawingu, akamtazama dada yangu aliyekuwa ameshika shada la maua kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe, akatia sahihi. Mpaka leo nafikiri kwamba laiti angekuwa mkali kidogo.

Ilikuwa ndege ya injini moja. Viti vya kushoto, nyuma ya rubani, vilikuwa vimeng'olewa, jeneza likafungwa sakafuni kwa mikanda. Shangazi alikaa mbele karibu na rubani, nyuma yake mimi, nyuma yangu dada; watoto tuliwaacha Nairobi kwa jirani. Tuliporuka niliona paa za Eastlands zikigeuka chini yetu, mabati na matangi ya maji, nikajaribu kutafuta Makadara ninakokaa nikaikosa. Kisha wingu likatufunika na hakukuwa na kitu cha kutafuta.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililotuletea balaa. Kwao, maiti akisafirishwa, mkewe humwambia njia. Kwenye basi ni rahisi: baba fulani, tumefika mtoni, baba fulani, hii ndiyo njia panda ya kwenu. Asipoambiwa, roho yake hubaki nyuma imepotea. Kazi hiyo ilikuwa ya dada yangu. Lakini ndani ya lile wingu ndege ilikuwa ikidondoka ghafla na kudakwa tena, na dada yangu uso wake ulikuwa ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuweza kusema chochote. Alitapika mpaka akawa anatapika hewa.

Shangazi ndiye aliyemsemea. Alimwuliza rubani, Kapteni, hapa ni wapi? Rubani akajibu kwa heshima, sasa tuko juu ya Nakuru, Mama. Shangazi akageuza shingo na kusema kwa lugha yao, baba, tumepita Nakuru. Hivyo hivyo, mji kwa mji. Nami kila ndege ilipodondoka niliona jeneza linainuka kidogo ndani ya mikanda yake halafu linatua, du. Niliweka kiganja juu yake. Sijui kama nilikuwa namfariji au namwomba atulie.

Tulitokeza chini ya wingu na uwanja ukaonekana: ukanda wa murram, udongo mwekundu wa kokoto, uliobaki wa kiwanda cha sukari kilichofungwa, umelowa, umeng'aa kama ulimi. Pande zote mbili watu. Kwaya ya kanisa ilikuwa imevaa sare. Rubani alipita juu mara moja kuangalia, ng'ombe wakafukuzwa, akazunguka. Alikuwa hasemi tena. Nilihesabu vidole vyake kwenye usukani, kumi, vyeupe kwenye viungo.

Shangazi akageuka. "Tumefika, baba."

Magurudumu yakagonga. Tukarushwa juu, tukagonga tena, na kutoka hapo ndege haikuwa inatembea, ilikuwa inateleza. Niliona kwaya ikipita dirishani, midomo wazi. Niliona mwisho wa uwanja ukija, na mtaro, na miwa nyuma ya mtaro. Breki zilikuwa zinalia na hazisaidii kitu. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni, propela ikachimba udongo, mkia ukainuka, tukaning'inia hivyo kwa muda ambao siwezi kuupima, kisha ukarudi chini. Jeneza lilikata mikanda, likateleza kwa mshazari na kusukuma kiti changu kwa nyuma, mdomo wangu ukapata chuma cha kiti cha Shangazi.

Halafu kimya, na harufu ya mafuta.

"Tokeni," rubani alisema. Hakupiga kelele. "Tokeni sasa hivi."

Dada yangu hakutaka kutoka. Alikuwa amekumbatia jeneza upande wa miguuni, anasema hamwachi aungue peke yake. Nilimvuta kwa nguvu ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu ninayempenda. Shangazi akapita dirisha la mbele, sijui vipi, mpaka leo nikitazama umbo lake na dirisha lile hesabu haiingii. Moto haukuwaka. Tulipanda wanne wazima tukashuka wanne wazima, na aliyekufa alikuwa ni yuleyule. Nimehesabu mara mbili.

Watu walikuwa wakikimbia kuja kwetu. Kisha, kama waliozuiwa na kamba, wakasimama wote. Nilidhani wanaogopa moto. Nikatema damu, nikawapungia mkono waje. Mzee mmoja aliyekuwa mbele akavua kofia, akasema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma bei:

"Amekataa kushuka."

Alikuwa anamsema marehemu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kikweli. Kwenye ndege niliogopa kama mnyama. Pale niliogopa kama mtu anayewajua watu.

Kesho yake, kabla ya mazishi, walikuja wachunguzi wa ajali za ndege wa serikali, mwanamke na mwanamume, wamevaa gambuti. Walipima alama za magurudumu kwa utepe, wakachomeka kijiti kwenye tope, wakapiga picha ule mtaro kutoka kila upande. Yule mwanamke aliniuliza maswali bila haraka: nilikaa wapi, nilisikia nini, breki zililia lini. Nilimweleza, na ule upenyo wa jino ukipiga miluzi kila nilipotamka herufi s.

Uchunguzi wa pili ulifanywa baada ya mazishi, chini ya hema, na huo haukuhitaji utepe. Wazee walikaa. Swali lilikuwa moja: nani alimwambia amefika? Ikajulikana kwamba si mkewe. Ikajulikana kwamba kutoka Nairobi mpaka pale mkewe hakufungua mdomo. Mmoja akasema mke asiyemsemesha mume wake safari ya mwisho ana kitu anachokificha mdomoni. Mwingine akauliza huyo mtu mwenye nguvu, aliyekuwa akibeba mizigo, nimonia ilimpata vipi. Sauti zilikuwa za chini, za adabu. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, nami nimekaa nilipoonyeshwa, mbali, karibu na sufuria za chai.

Shangazi akainuka. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyesema, kwa niaba ya mjane aliyekuwa mgonjwa. "Na nani kati yenu amewahi kupanda kile kitu?" aliwauliza. "Ungetapika mpaka jina lako."

Wakacheka. Ndicho kicheko pekee nilichokisikia siku zile, nami nilikishika kama mtu anayeshika chenji kwenye upepo. Kwa heshima yake wakaahirisha. Watakaa tena mahindi yakivunwa, mjane aje ajibu. Majibu yasiporidhisha, nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na mumewe pale kijijini itafungwa, yeye arudi kwao, yaani kwangu, na watoto wabaki na ukoo.

Wanaposema watoto wabaki, hawatanii. Nimeona ikifanyika kwa wengine.

Tulirudi Nairobi kwa barabara, mzunguko mrefu. Dada yangu hakukubali kulala tena Kwa Njenga peke yake na watoto, kwa hivyo wakahamia kwangu Makadara, chumba kimoja na sebule. Simu yake ilikuwa ikilia, anapokea, hakuna anayeongea. Mdogo wa marehemu alifika kwangu siku moja kusalimia, akasalimia huku macho yake yakihesabu vitanda. Najua macho ya mtu anayehesabu. Dada akaacha kuwapeleka watoto shule mpaka mimi niwe wa kuwasindikiza, na alikuwa anawachukua kabla kengele haijalia. Mtu akibisha mlango, anasimama kati ya mlango na watoto kwanza, halafu ndio anauliza ni nani.

Tumaini langu nikaliweka kwenye karatasi ya serikali. Nilijiambia: karatasi ikisema ndege ilianguka kwa sababu hii na hii, nitaipeleka mbele ya wazee, na hapo hata asiye na mdomo anaruhusiwa kusoma. Nikaenda kwa yule mchunguzi, ofisini, nimevaa koti.

Alinipokea vizuri. Alinieleza taarifa yao ya mwanzo inasema nini. Tope. Mwinuko mdogo wa uwanja. Upepo uliogeuka ukawa nyuma yetu dakika ile ya kutua. Na uzito, akasema, ambao haukujulikana. Kama lile jeneza lingepimwa, huenda rubani angeacha abiria wawili nyuma, au angekataa kabisa kutua kwenye tope.

Nikamwuliza mwenye makosa ni nani.

"Mzee, sisi hatutafuti mwenye makosa," alisema. "Tunatafuta isitokee tena."

Nimefanya biashara miaka mingi na sijawahi kukutana na mtu anayetoa kitu kizuri hivyo kwa bei ya chini hivyo, na mimi sina pa kukiuza. Nikapatana naye hata hivyo, ndiyo tabia. Nikamwomba mstari mmoja tu, aandike kwamba mjane hakuhusika. Akasema kwa upole kwamba hawamwandiki mjane, hawamwandiki mtu yeyote. Jina la rubani halimo, na rubani mwenyewe amesimamishwa kuruka mpaka uchunguzi uishe. Rubani huyo, akasema, alituma salamu kwa Shangazi.

Kisha akaniuliza, nani aliyekataa mizani?

"Familia," nilisema.

Akaandika hivyo.

Jioni hiyo, watoto wakifanya homuwaki, nilimweleza dada mpango wangu. Nitaenda kwenye kikao. Tope hawatalikubali, kwa sababu ndege za kiwanda zilitua kwenye tope lile miaka na miaka. Upepo nao wanaujua. Kitu kimoja tu ndicho wasichokijua, kwamba kuna mizani na ilikataliwa. Nikisimama niseme nani aliikataa, na mbele ya nani, neno la kumwambia au kutomwambia njia litakwisha hapo hapo.

Aliendelea kukunja nguo za watoto.

"Na Shangazi?"

Nikasema Shangazi ni mtu mzima, atajitetea.

"Atajitetea kwa nani?" Aliweka nguo chini. "Yeye ndiye aliyenisimamia. Wakiniachia mimi watamshika yeye. Watasema alimtia uzito mtoto wa kaka yake makusudi, na ni yeye aliyemwambia amefika kabla hajafika. Wewe unafikiri wale wanatafuta sababu? Wanatafuta mwanamke."

Nilitaka kubisha. Nilipiga hesabu upande huu, nikapiga upande ule, na mara zote mbili nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye mkeka.

Shangazi hana mtoto. Mume wake alishafariki. Anakaa peke yake kwenye boma la kaka yake, kwa ruhusa ya wale wale watakaokaa kumwuliza. Hilo nililijua tangu harusi ya dada na sikuwahi kulitilia maanani.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Tulisalimiana kwa kirefu, aliuliza jino, aliuliza watoto, aliuliza bei ya vitunguu. Halafu akasema amesikia nina karatasi. Inasemaje?

Nikamwambia: tope, upepo, uzito.



"Uzito," alisema. "Shemeji, wewe ni mtu wa mizani. Ningekubali siku ile, angeshuka vizuri?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. Moja lilikuwa uongo wa kumfariji, la pili lilikuwa mtaji wa dada yangu.

"Sijui, Mama," nilisema. Na ni kweli, sijui. Hakuna ajuaye, kwa sababu hakupimwa.

"Basi usiseme kitu mpaka nikuone," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Mimi nitakaa mbele pale. Uniangalie kwanza."

Nimeifikiria sentensi hiyo nikiwa kwenye meza yangu Muthurwa, wateja wakiniibia viazi machoni pangu. Huenda anataka kusimama aseme mwenyewe. Huenda anataka niuone uso wake ili nishindwe kusema. Sikumwuliza, kwa kuwa niliogopa atanijibu.

Dada yangu naye amekwisha kuamua. Anasema ataenda, atajibu, hatamtaja mtu. Ameanza kuwafundisha watoto namba yangu ya simu kwa moyo, mkubwa na mdogo, kila siku kabla ya kula. Nasikia wakiimba namba yangu kwenye sebule yangu mwenyewe.

Nimesimulia yote, sikuzidisha wala kupunja. Sasa nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama umewahi kumwoza dada kwenye ukoo wa watu na ukakaa kwenye kiti cha kando karibu na sufuria. Ninao ukweli mmoja, na kwenye mizani yake kuna wanawake wawili. Nikiutoa nampoteza mmoja, nikiuficha nampoteza mwingine, na watoto wawili wako katikati wanakariri namba ya simu. Kuna njia ya tatu ambayo mimi, kwa hesabu zangu zote, sijaiona? Kama ipo niambie. Nimepigiwa simu kwamba mahindi kwao yameanza kukauka.